Mvua ya Kikuubo na Daftari la Ziwa



Hakuna mwanafunzi wa shule hii asiyelijua jina la Kikuubo, hata kama hajapata kufika huko. Sabuni tunayofulia, sukari ya chai yetu, kalamu na madaftari tunayoandikia, vingi katika hivyo hupita Kikuubo kabla ya kufika kwetu. Neno lenyewe kwa Kiganda maana yake ni njia nyembamba ipitayo kati ya majumba. Iko katika sehemu ya chini ya mji wa Kampala, karibu na Nakivubo, na wafanya biashara hutoka Sudan ya Kusini, Kongo na Rwanda kuja kununua huko kwa jumla. Huenda baadhi ya wazee wetu waliosoma hapa zamani wana maduka huko, nao wanajua habari zake kuliko mimi.

Kampala ni mji wa vilima. Mvua inyeshayo juu ya vilima haina budi kushuka mabondeni, na maji mengi ya katikati ya mji hukusanywa na mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo huyapeleka mpaka kwenye vinamasi, kisha huyamwaga katika Ghuba ya Murchison, ziwani Victoria. Mwishoni mwa Oktoba 2025 mvua kubwa ilinyesha, mfereji ukashindwa, na maji yakaingia Kikuubo na mitaa ya jirani. Wafanya biashara walipata hasara kubwa. Mchele, unga na sukari vikisha kulowa havina bei tena. Tena wengi hununua mali kwa fedha za mkopo, na benki haiulizi habari za mvua siku ya kulipa inapofika.

Mara mabishano yakaanza. Wengi walisema kwamba sababu ni kazi iliyoanzishwa mwaka ule ule ya kuufunika mfereji na kujenga juu yake. Wengine wakajibu kwamba mafuriko yalikuwako tangu zamani kabla ya kazi hiyo, na kwamba wa kulaumiwa ni watu wanaotupa takataka na kaveera mitaroni. Wengine wakasema dunia yote imebadilika na mvua za siku hizi si kama za zamani. Na wako waliosema kwamba mvua ni ya Mungu, na hao watu wa sayansi wanabahatisha tu, leo hili, kesho lile. Sisi wenyewe wa Senior Six tuliligombania jambo hili bwenini mpaka taa zikazimwa, na hakuna aliyemshinda mwenziwe.

Nia yangu katika makala haya si kuamua nani alipe hasara ya Kikuubo. Hilo ni shauri la serikali na mahakama. Nataka kueleza jambo moja tu: watu wanapobishana juu ya mvua, ziwa na joto la dunia, mtu wa kawaida asiye na shahada atajuaje neno gani liaminiwe?

MIZANI NA MWENYE DUKA

Mnunuzi wa Kikuubo hamwamini mwenye duka kwa sababu ya sura yake nzuri. Anachoamini ni mizani. Na mizani yenyewe haiaminiwi bure, kwa sababu kuna Shirika la Viwango la Uganda ambalo huikagua na kuitia alama. Tena, mnunuzi akiwa na shaka aweza kuuchukua mfuko wake akaupime mara ya pili kwa jirani.

Sayansi nayo ni hivyo hivyo. Haimtaki mtu amwamini profesa kwa kuwa ni profesa. Hutaka mambo matatu. Kwanza, kipimo kiwe kimeandikwa. Pili, mtu mwingine, hata adui, aweze kupima tena. Tatu, msemaji awe tayari kutaja ni jambo gani ambalo likionekana, yeye mwenyewe atakubali kuwa neno lake si kweli. Asiyetimiza haya matatu ametoa maoni yake tu, hata akiwa amevaa joho la chuo kikuu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hali ya hewa nayo ni hivyo. Mzee akisema, “Zamani mvua ilikuwa nzuri,” twamheshimu, lakini kumbukumbu ya mtu huhifadhi mwaka wa njaa na mwaka wa mafuriko, nayo huisahau miaka ya kawaida iliyo katikati. Hapana budi kuwe na daftari. Na kwa bahati njema, Uganda tunalo daftari moja la zamani sana.

DAFTARI LA ZIWA

Nimesema kwamba maji ya Kikuubo mwisho wake ni ziwani. Basi tangu 1896 kimo cha maji ya Ziwa Victoria kimekuwa kikipimwa na kuandikwa huku kwetu, na namba zinazotajwa siku hizi ni za kipimo cha Jinja, mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Daftari hilo limekwisha kuamua mabishano kadha wa kadha, nami nitataja manne.

Bishano la kwanza ni la mwaka 1923. Bingwa mmoja wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, alitangaza kwamba maji ya ziwa hupanda na kushuka pamoja na madoa ya jua, ambayo huzidi na kupungua kila baada ya miaka 11 hivi. Alipozilinganisha namba za ziwa na namba za madoa tangu 1896, zilipatana kwa ajabu. Wengi waliona siri ya ziwa imefumbuliwa. Lakini miaka ilipoendelea, ziwa liliacha kuyafuata madoa. Neno la Brooks likawekwa kando. Hakuna mfalme wala gavana aliyeamuru hivyo. Daftari lile lile alilolitumia ndilo lililomkataa.

Mtu atasema, “Waona? Hata mabingwa wanageuka!” Ndiyo, wanageuka. Lakini yafaa tujiulize: tungependa kununua katika duka lipi, lile ambalo likigundua hesabu si sawa huirekebisha mbele ya watu, au lile ambalo tangu kufunguliwa halijapata kukubali hata siku moja kwamba hesabu yake ina kasoro?

Bishano la pili ni la miaka ya 1961 hadi 1964. Mwishoni mwa 1961 mvua zilinyesha kupita kiasi katika Afrika ya Mashariki, na ziwa likapanda kwa zaidi ya mita 2, mpaka Mei 1964 lilipofika mita 13.41 katika kipimo cha Jinja. Mashamba na magati ya pwani yakazama. Sasa, bwawa la Owen Falls pale Jinja lilikuwa limefunguliwa 1954, miaka saba tu kabla ya mvua hizo. Ilikuwa rahisi sana kulishuku bwawa kwamba limeziba maji. Lakini Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake hayapiti Jinja hata kidogo, nalo lilipanda katika miaka ile ile. Bwawa la Jinja haliwezi kulijaza Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo mkosaji alikuwa mvua.

Bishano la tatu lilikuwa kinyume cha hilo. Mwaka 2005 na 2006 ziwa lilishuka vibaya, likafika kiasi ambacho hakikuonekana kwa miaka 80 hivi. Mashua zilikwama mbali na gati, na umeme ukakatwa-katwa mijini. Wakubwa walisema sababu ni ukame. Na kweli ukame ulikuwako. Lakini Februari 2006 mhandisi wa maji aliyekuwa akikaa Nairobi, Daniel Kull, alitoa hesabu yake. Tangu bwawa la kwanza lijengwe kulikuwa na mapatano kwamba maji yatakayoachiliwa yawe sawa na yale ambayo mto wenyewe ungeyatoa kama bwawa lisingekuwako. Kull alilinganisha maji yaliyotolewa na maji yaliyopaswa kutolewa, akaona kwamba karibu asilimia 55 ya kushuka kwa ziwa ilitokana na maji kuachiliwa kupita kiasi katika mabwawa mawili ya Jinja, yaani Nalubaale (ndilo la Owen Falls) na Kiira. Asilimia 45 iliyobaki ndiyo ya ukame. Hesabu yake ilipingwa. Lakini mwaka uliofuata mabingwa wengine walizikagua namba upya, nao wakapata kwamba karibu nusu ilikuwa kazi ya mkono wa mtu.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Swali lilikuwa moja katika mabishano haya mawili: ni bwawa au ni hewa? Mara ya kwanza jibu lilikuwa hewa. Mara ya pili jibu lilikuwa vyote viwili, karibu nusu kwa nusu. Mtu mwenye jibu moja tayari mfukoni, awe yule wa “ni serikali daima” au yule wa “ni hali ya hewa daima,” angalikosa moja katika hayo mawili. Mwenye daftari hakukosa hata moja.

Bishano la nne ni la juzi. Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.50, likaivunja rekodi ya 1964 baada ya miaka 56, na Mei 2024 rekodi hiyo nayo ikavunjwa. Je, sababu ni kuongezeka kwa joto la dunia? Mwaka 2024 wataalamu walitoa uchunguzi wao juu ya mafuriko ya 2020. Walisema kwamba kupanda kwa ziwa kwa kadiri ile katika miezi sita kumekuwa na uwezekano wa mara 1.8 kuliko zamani, kabla binadamu hajaipasha dunia joto. Lakini wakasema pia kwamba, katika kupanda kule kwa zaidi ya mita nzima, fungu litokanalo na joto hilo ni kama sentimita 7 tu, tena wakaonya kwamba hesabu yao ina nafasi kubwa ya kupungua au kuzidi. Nalipenda jibu hili. Mtu anayetaka kukutisha hakwambii sentimita 7, na mtu anayetaka kukulaza usingizi hakwambii mara 1.8. Wao walisema yote mawili.

LILILOKWISHA AMULIWA NA LISILOAMULIWA

Hapa wengi huchanganyikiwa. Wakisikia wataalamu wakibishana, hudhani kwamba hakuna lolote linalojulikana. Yafaa tutenge mambo katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mambo ambayo daftari limekwisha kuyafunga. Mwaka ule ule wa 1896 ambao vipimo vya ziwa vilianza, Svante Arrhenius wa Sweden alichapisha hesabu kuonyesha kwamba hewa ya ukaa, itokayo katika makaa ya mawe yanayochomwa, huzuia joto lisitoke duniani, na kwamba ikizidi, dunia itapata joto zaidi. Wakati huo ilikuwa hesabu ya karatasi tu. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima wa Mauna Loa, Hawaii, akakuta sehemu 315 hivi katika kila milioni. Siku hizi ni zaidi ya 420. Na joto limepanda kama ilivyotabiriwa. Katika ripoti yake ya 2021, jopo la mataifa yote juu ya mabadiliko ya tabianchi lilisema kwamba katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa digrii 1.1 kuliko katika miaka ya 1850 hadi 1900, na kwamba hapana shaka kazi za binadamu ndizo zilizoipasha. Tena kuna kanuni ya fizikia tunayofundishwa darasani: hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja, yaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Hewa yenye mvuke zaidi yaweza kushusha mvua kubwa zaidi kwa mara moja. Mambo haya hayabishaniwi tena na wale wanaopima.

Fungu la pili ni mambo ambayo bado yana mabishano ya haki. Mfano wa karibu ni barafu ya Rwenzori. Mtawala wa Abruzzi alipopanda milima ile 1906, barafu ilifunika kilometa za mraba 6 na zaidi. Mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilometa moja ya mraba. Mwaka 2006 wataalamu waliofanya kazi hapa Uganda waliandika kwamba sababu kubwa ni joto la hewa kuzidi. Wengine wakawajibu kwamba kukauka kwa hewa, yaani upungufu wa mawingu na theluji, nako kumekula barafu tangu mwisho wa karne ya 19. Walibishana kwa namba katika magazeti yao ya elimu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesema barafu haikupungua. Mfano wa pili ni mvua za Machi mpaka Mei. Hesabu nyingi za mashine zilitabiri kwamba mvua hizo zitazidi katika Afrika ya Mashariki. Vipimo vya tangu miaka ya 1980 vikaonyesha kwa muda mrefu zikipungua. Wataalamu wenyewe hulitaja jambo hili kuwa ni kitendawili, nao hawajalificha.

Basi mtu akikuambia, “Wataalamu hawapatani,” usimkatalie wala usimkubalie upesi. Muulize: hawapatani juu ya fungu lipi?

KWA NINI WATU HAWAAMINI

Si ujinga tu unaowafanya watu wasiamini. Ziko sababu za kweli, nasi tusizidharau.

Sababu ya kwanza ni utabiri wa mvua. Idara husema, kwa mfano, kwamba kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kuzidi kawaida. Msikilizaji husikia, “Mvua itazidi.” Isipozidi, husema wamedanganya. Lakini asilimia 60 maana yake ni kwamba katika misimu kumi kama huu, minne haitazidi. Na wakubwa wakiuchukua utabiri kama habari ya ndiyo au siyo, mambo huharibika zaidi. Oktoba 2023 Rais William Ruto wa Kenya aliwaambia wananchi kwamba maafa ya El Niño yaliyohofiwa hayatakuja tena kama ilivyotarajiwa. Idara ya hali ya hewa ilikuwa bado inangoja mvua kubwa. Mvua zikaja, na kabla mwaka haujaisha mafuriko yalikuwa yameua watu zaidi ya mia katika Kenya. Aliyepoteza ng'ombe wake mtoni hakumbuki nani alisema nini. Hukumbuka kwamba “wenye elimu walituambia” na imani yake ikapungua.

Sababu ya pili ni kwamba neno la tabianchi limekuwa maficho. Kama tulivyoona mwaka 2006, ni rahisi kwa mwenye kosa kuielekeza lawama juu mawinguni. Mtaro ukiziba, lawama ni ya tabianchi. Daraja likivunjika, ni tabianchi. Mwananchi akiona hayo mara tatu nne, huanza kudhani neno lenyewe ni hila.

Sababu ya tatu ni siasa za mataifa. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuupinga mradi wa bomba la mafuta la kilometa 1,443 kutoka Hoima mpaka Tanga. Wengi hapa Uganda walikasirika. Walisema, nchi zilizotajirika kwa makaa na mafuta tangu zamani sasa zinatukataza sisi tusiuze yetu. Malalamiko hayo yana uzito, na mtu aweza kuyashika kwa haki. Lakini lazima tutofautishe maswali mawili. “Je, joto linaongezeka?” ni swali la kipimo. “Nani apunguze, nani alipe?” ni swali la haki. Ukilikasirikia jibu la pili, usiivunje mizani ya kwanza. Kwani mizani hiyo hiyo ndiyo tutakayoitumia kuonyesha kwamba gesi nyingi zilizoko hewani zilitoka katika viwanda na magari ya mataifa tajiri, na fungu letu ni dogo sana. Tukisema sayansi ni uongo, tumejinyang'anya shahidi wetu.

TURUDI KIKUUBO

Sasa tuyatumie haya katika mafuriko ya Kikuubo. Tufanye hesabu ndogo ambayo kila mwanafunzi wa Senior One aweza kuifanya. Tuseme mvua ya milimita 50 imenyesha juu ya paa na lami zenye eneo la hekta moja. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Maji yatakayoshuka ni mita za ujazo 500, yaani lita 500,000, au madumu 25,000 ya lita 20. Maji hayo yote hukimbilia mtaroni kwa dakika chache, kwa sababu bati na lami havinywi maji.

Tuseme sasa dunia imeongezeka joto kwa digrii moja na mvua hiyo imezidi kwa asilimia 7. Nyongeza ni madumu 1,750. Si kidogo. Ukiyamwaga katika duka moja, duka limekwisha. Lakini hekta hiyo hiyo ikiwa ni kinamasi au shamba la majani, maji mengi katika yale madumu 25,000 yangezama ardhini au yangekwenda polepole. Kwa hiyo kuligeuza bonde kuwa paa huongeza maji ya mtaroni kwa maelfu mengi ya madumu, na joto la dunia huongeza madumu mengine juu ya hayo. Na mfereji ukipunguzwa upana, au ukijaa kaveera na mchanga, maji yote hayo, ya zamani na ya nyongeza, hukosa njia.

Basi waliobishana Kikuubo hawakuwa na lazima ya kuchagua. Anayesema mvua zimekuwa kali aweza kuwa na haki, na anayeulaumu mfereji aweza kuwa na haki pia. La maana ni kiasi: kila sababu ilileta madumu mangapi? Swali hilo lina jibu, kama vipimo vipo. Mvua ilikuwa milimita ngapi, katika dakika ngapi? Upana na kina cha mfereji vilikuwa vipi kabla ya kazi, na vilikuwa vipi siku ile? Takataka zilizotolewa zilikuwa tani ngapi? Anayezileta namba hizi na kuruhusu wengine wazikague, huyo asikilizwe, awe mwenye duka, mjenzi au mtu wa serikali. Anayekataa kuzionyesha, na tushuku neno lake.

Na liko jambo moja ambalo nalisisitiza. Kama ni kweli kwamba mvua za siku hizi zinazidi nguvu, basi mifereji ya leo yapasa kuwa mipana kuliko ile waliyotuachia wazee. Mtu anayesema, “Ni tabianchi,” hajapata udhuru wa kuuacha mfereji ukiwa mwembamba au umeziba. Amejiongezea wajibu wa kuupanua. Baharia anayejua upepo unakuja ndiye alaumiwe zaidi asipofunga matanga.

TUFANYE NINI SISI

Nisimalize bila kutoa shauri. Shule yetu haina haja ya kungoja mashine za ghali. Mkebe wenye pande zilizonyooka, uliowekwa mahali pa wazi mbali na miti na paa, pamoja na rula ya milimita, watosha kuanzia. Kila siku saa tatu ya asubuhi, ndiyo saa wanayoifuata wapimaji wa mvua wa nchi yetu, mwanafunzi mmoja apime, aandike katika daftari, aweke sahihi, kisha aumwage mkebe. Siku isiyo na mvua aandike sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Tukiendelea miaka kumi, mabishano ya bwenini yatakuwa na mizani. Watakaokuja baada yetu hawatahitaji kusema “zamani mvua ilikuwa nzuri.” Watafungua ukurasa.

Na ninyi wazee wetu mlio Kikuubo na mitaa ya Nakivubo, nawaomba jambo moja jepesi. Maji yakiingia dukani, Mungu apishe mbali, mkisha kuokoa mali yenu chukueni rangi mchore mstari ukutani mahali maji yalipofika, na pembeni mwandike tarehe na saa. Wakati wa kudai haki, mstari huo utasema zaidi kuliko kelele za mtaa mzima. Tena tuleteeni namba hizo hapa shuleni, tuziweke pamoja na za mkebe wetu katika daftari moja.